Kulainisha Epoksi kwa Mashine ya Msasa: Somo kwa Vyama vya Wavuvi

UTANGULIZI

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, pale Ikola na Karema na katika vijiji vya jirani, mashua ndiyo mali ya kwanza ya chama cha wavuvi. Nyavu huchakaa zikashonwa, taa huharibika zikabadilishwa. Lakini mashua ikioza, shughuli zote husimama na wanachama hukosa riziki. Kwa hiyo elimu ya kuitunza mashua si ya fundi peke yake. Yampasa katibu anayenunua vifaa, mjumbe wa Bodi anayeidhinisha malipo, na mwanachama ambaye fedha yake imo ndani ya mbao zile, kuifahamu pia.

Miongoni mwa njia za kuikinga mashua ya mbao ni kuipaka epoksi, pengine pamoja na kitambaa cha nyuzi za kioo ambacho mafundi hukiita faiba. Boti zilizoundwa kwa faiba tangu mwanzo nazo huweza kuzibwa kwa epoksi zinapopasuka. Jambo hili lina uzito zaidi tangu Januari 2024, Serikali ilipozindua mjini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa kwa mkopo. Chombo cha mkopo hapana budi kiishi miaka mingi kuliko deni lake.

Somo hili linahusu hatua moja tu ya kazi hiyo, nayo ni kuulainisha uso wa epoksi kwa mashine ya msasa. Ndiyo hatua inayoonekana nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayoharibu mashua na afya za watu kwa urahisi zaidi.

1. EPOKSI NI KITU GANI

Epoksi huuzwa katika makopo mawili. La kwanza lina utomvu mzito. La pili lina kigandishi. Kila kimoja kikiwa peke yake hakigandi. Vikichanganywa kwa kipimo sahihi, huungana na kuwa kitu kimoja kigumu kisichopitisha maji kwa urahisi. Wataalamu wanaotajwa kuwa waanzilishi wake ni Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani, waliofanya kazi hiyo kila mmoja kwa upande wake katika miaka ya 1930 na 1940. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ndugu wa ukoo wa Gougeon katika jimbo la Michigan, Marekani, walieneza matumizi yake katika mashua za mbao.

Yafaa jambo moja likumbukwe daima: kigandishi si dawa ya kuharakisha. Baadhi ya mafundi, wakiona kazi inachelewa, huongeza kigandishi kwa kudhani kwamba epoksi itakauka upesi. Matokeo yake ni kinyume. Kile kinachozidi hakipati cha kuungana nacho, hubaki ndani kikiwa laini, na uso hunata siku zote. Epoksi ya namna hiyo haiwezi kupigwa msasa leo wala mwezi ujao. Dawa yake ni kukwanguliwa yote. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo kifuatwe kama kilivyo, na izingatiwe kama ni kipimo cha ujazo au cha uzito.

2. TABAKA LENYE UNENE WA KARATASI TATU

Tabaka moja la epoksi lililopakwa kwa roli huwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimeta. Fundi akipaka matabaka matatu, kinga yote hukaribia sehemu tatu za kumi za milimeta. Anayetaka kuuona unene huo na achukue karatasi tatu za daftari azibane kwa vidole. Huo ndio ukuta uliopo baina ya mbao za chama na maji ya ziwa.

Kila msomaji aliyebana karatasi hizo tatu ataelewa sababu ya somo hili kuandikwa. Mashine ya msasa haiongezi kitu. Kazi yake yote ni kuondoa. Msasa mkali, ukiendeshwa kwa umeme na kukandamizwa mahali pamoja, huweza kuipita kinga hiyo kwa muda mfupi sana. Hapo fundi atakuwa ametumia siku nzima ya jenereta kuiondoa kinga ambayo chama kilitumia fedha nyingi kuinunua. Wala kosa hilo halionekani siku ile, kwa kuwa rangi hufunika. Huonekana baada ya msimu, maji yanapopenya chini ya rangi na mbao kuanza kuvimba.

Ziwa hili lina mfano wake mashuhuri wa nguvu ya kinga nyembamba. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo watu wa mwambao wote wanalijua. Mitambo iliyolala majini kwa miaka ilifaa kutengenezwa na kutumika tena. Kama mikono fulani ingeifuta grisi ile ili chuma kipendeze, historia ingekuwa nyingine.

3. KUNGOJA NI SEHEMU YA KAZI

Epoksi huonekana ngumu baada ya saa chache, lakini kuwa ngumu kwa kuiona si kukomaa. Aina nyingi huhitaji siku kadhaa, hata juma zima, kufikia ukomavu, na baridi huzidisha muda huo. Mwambao wa Ikola uko kwenye mwinuko wa karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa na ubaridi. Fundi aliyezoea kazi ya miezi ya joto asitumie hesabu ile ile katika miezi hiyo.

Ziko njia mbili za kupima zisizogharimu kitu:

(a) Fundi abonyeze kwa ukucha mahali pasipoonekana sana. Alama ikibaki, epoksi haijakomaa.

(b) Asugue kwa mkono kipande kidogo cha msasa. Ikitoka unga mweupe mkavu, kazi ianze. Yakitoka mafundo yanayonata na kuziba msasa, arudi baada ya siku mbili.

Kungoja huku kuna sababu ya pili, iliyo kubwa kuliko msasa unaoziba. Vumbi la epoksi isiyokomaa bado lina chembe za kigandishi ambazo hazijaungana. Chembe hizo ndizo zenye madhara makubwa kwa ngozi na mapafu. Jambo hili litaelezwa zaidi katika sehemu ya saba.

4. KUOSHA KABLA YA MSASA

Mara nyingi epoksi ikikauka hutokeza juu yake utando mwembamba kama nta au mafuta. Hutokana na kigandishi kukutana na unyevu na hewa ya kaboni, hasa kazi inapofanywa alfajiri au jioni kando ya maji. Utando huo usipoondolewa, mashine huusambaza, huziba msasa, na rangi itakayopakwa juu yake itabanduka kwa vipande.

Bahati njema ni kwamba utando huu huyeyuka katika maji. Uoshwe kwa maji safi na kitu cha kusugulia kama dodoki au brashi ngumu, kisha ukaushwe kwa kitambaa safi kabla maji hayajakauka yenyewe. Petroli na tina havifai kwa kazi hii. Huusogeza utando kutoka mahali hadi mahali bila kuuondoa. Ndoo mbili za maji huweza kukiokolea chama karatasi nyingi za msasa.

5. MASHINE NA KARATASI ZAKE

Mashine inayofaa ni ile ya duara ambayo sahani yake huzunguka na wakati huo huo hutikisika huku na huku, hivyo kwamba hakuna punje ya msasa inayopita njia moja mara mbili. Sahani zake kwa kawaida zina upana wa milimeta 125 au 150. Haihitaji umeme mwingi, na jenereta ndogo huitosha.

Grenda ya kukatia chuma isitumiwe. Baadhi ya karakana huifunga msasa kwa kuwa ndiyo iliyopo, lakini mwendo wake ni mkali mno. Huchimba mashimo na kuleta joto. Epoksi ya kawaida huanza kulegea inapofikia joto la nyuzi 60 hivi. Ikilegea, hunata kwenye msasa, huchanika, na uso wote huharibika.

Karatasi za msasa hutambuliwa kwa namba. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo punje zinavyokuwa kubwa na kali. Kwa mashua, mpango ufuatao unatosha:

Namba 80: kuondoa michirizi na matone makubwa tu, si uso wote.
Namba 120: kusawazisha uso wote.
Namba 180 hadi 220: kuandaa uso kwa rangi au vanishi.

Fundi asiruke hatua. Mikwaruzo ya namba 80 haiondolewi na namba 220; hufichika chini ya vumbi na kutokeza tena rangi inapopakwa.

6. NAMNA YA KUFANYA KAZI

Kwanza, uso uchorwe mistari myepesi ya penseli kwa kukatisha. Mistari ikifutika pote sawasawa, hatua hiyo imekwisha. Mahali ambapo mistari imebaki ni bonde. Mahali ilipofutika mapema ni kilima. Penseli moja humwonyesha fundi na katibu kitu kile kile, na ubishi huisha.

Pili, sahani iwekwe bapa juu ya uso kabla ya mashine kuwashwa, au iguse uso kwa upole ikiwa imewashwa. Kuinamisha upande mmoja ili ile haraka ndiyo njia ya kuchimba duara zisizofutika.

Tatu, uzito wa mashine wenyewe unatosha. Mkono huongoza tu, haukandamizi. Mashine isogezwe polepole, kwa mistari inayopishana kidogo, kisha kwa mistari inayokatisha ile ya kwanza. Isisimame mahali pamoja.

Nne, pembe za mashua, ncha ya omo na ukingo wa mkuku zipigwe kwa mkono, si kwa mashine. Epoksi hukimbia pembe inapopakwa, hivyo tabaka la hapo ni jembamba kuliko mahali pengine pote. Aghalabu hapo ndipo mashine hutoboa kwanza.

Tano, fundi atazame rangi ya uso. Uso uliopigwa vema huwa na weupe ulio sawa usiong'aa. Zikianza kuonekana nyuzi za kitambaa cha faiba au rangi ya mbao, asimame papo hapo. Mahali hapo pasafishwe, papakwe epoksi upya na kungojewa tena. Kuendelea kwa tumaini kwamba rangi itaficha ni kuidanganya mali ya wenzake.

Sita, msasa wenye maji ufanywe kwa mkono na kipande cha mbao bapa. Mashine ya umeme na maji havikai pamoja. Waya wa jenereta usilazwe kwenye mchanga wenye unyevu, wala fundi asisimame majini akiwa na mashine.

KUNG'AA SI KUKAMILIKA

Wako watu wanaopima kazi kwa mng'ao. Ni kweli kwamba epoksi huweza kung'arishwa mpaka mtu akajiona sura yake: msasa hupandishwa kutoka namba 400 hadi 800, 1500 na 2000, kisha hufuata dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Kazi hiyo inafaa kwa meza, kibao cha jina la ofisi, au pambo la ndani ya nyumba.

Mashua ni jambo jingine. Epoksi ikiachwa wazi kwenye jua hugeuka manjano, kisha huchakaa na kutoa unga, kwa kuwa miale ya jua huivunja. Lazima ifunikwe kwa rangi, au kwa vanishi yenye kinga ya jua. Nayo rangi hushika kwenye mikwaruzo midogo iliyoachwa na namba 180 au 220. Uso uliong'arishwa kama kioo hauna pa kushikia. Chama kinachomlipa fundi aifanye mashua ing'ae kabla ya rangi kinalipa ili rangi ibanduke.

7. VUMBI, MAPAFU NA DAGAA

Epoksi ina tabia ambayo wanachama wengi hawajaelezwa. Mtu huweza kuishika miezi au miaka bila dhara, kisha siku moja ngozi yake ikaanza kuwasha, kuvimba na kutoa malengelenge, au kifua kikabana. Mwili ukishaikataa epoksi, kwa kawaida huikataa maisha yote. Kiasi kidogo tu humrudishia maradhi. Kwa fundi, huko ni kupoteza ufundi wake. Kwa kibarua aliyeajiriwa kwa siku tatu, ni kuondoka na maradhi ambayo ujira wake hautayalipia. Naye kibarua huyo, ingawa si mwanachama, yuko katika kazi ya chama, na dhamana ni ya chama.

Kwa hiyo mambo haya yazingatiwe:

(a) Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hili. Inunuliwe barakoa ya vumbi yenye alama N95 au P2, inayokaa vema usoni. Miwani ya kazi, glavu na nguo za mikono mirefu zivaliwe.

(b) Epoksi mbichi ikimgusa mtu, aoshwe kwa sabuni na maji. Petroli au tina huipenyeza zaidi ndani ya ngozi.

(c) Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

(d) Watoto wasichezee mahali msasa unapopigwa.

Hapa Ikola na katika mialo mingine kuna jambo la pekee. Ufuo ule ule unaotengenezewa mashua ndio unaoanikiwa dagaa. Vumbi la epoksi na la nyuzi za kioo huruka na upepo, na dagaa wabichi walioanikwa hulinasa. Hakuna njia ya kulitoa hapo. Dagaa hao huliwa na familia za wanachama wenyewe na kusafirishwa mbali, na mnunuzi aliyeona vumbi jeupe juu ya gunia hatarudi. Basi mahali pa msasa pawe mbali na vichanja, upande ule ambao upepo unaondoka kutoka kwa dagaa, na pazungushiwe turubai. Mashine yenye mfuko wa vumbi ndiyo inunuliwe. Turubai lilazwe chini ya mashua, vumbi likusanywe na kufungwa kwenye mfuko. Lisifagiliwe ziwani, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayotekwa kwa kunywa na kupikia.

8. WAJIBU WA KATIBU NA BODI

Msasa mbaya mara nyingi huanzia ofisini. Fundi anayelipwa fedha yote siku mashua inapokabidhiwa huwa na kila sababu ya kutongoja epoksi ikomae. Bodi ikigawa malipo katika hatua tatu, yaani baada ya kupaka, baada ya msasa kukaguliwa, na baada ya rangi, haraka hiyo huondoka. Siku za kungoja ziandikwe katika mapatano, fundi asionekane mvivu kwa kuzitii.

Katibu awe na daftari la mashua, kila chombo na ukurasa wake. Ndani yake aandike tarehe ya kupaka, idadi ya matabaka, tarehe ambayo msasa unaruhusiwa, namba za msasa zilizotumika, na jina la aliyekagua. Barakoa na glavu ziingizwe katika makadirio pamoja na epoksi yenyewe, zisiachwe kuwa nyongeza ya kununuliwa fedha ikibaki.

Mwisho, kazi ipangwe kwa majira. Mwaka 2024 Serikali iliufunga uvuvi katika upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Wavuvi walipata shida ya kipato, na hilo halifichiki. Lakini miezi hiyo ni ya ukavu, na mashua zikiwa nchi kavu muda mrefu namna hiyo, epoksi hupata siku zake zote za kukomaa. Chama kilichoweka akiba ya vifaa mapema huweza kuyageuza majira ya kukaa bure kuwa majira ya matengenezo.

Fundi mwenye subira, mwenye penseli na mwenye barakoa, anayejua mahali pa kusimama, ni mlinzi wa mali ya ushirika sawasawa na mwenye ufunguo wa sanduku la fedha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini kuongeza kigandishi hakuharakishi kazi? Je, chama chenu kina vipimo sahihi?

2. Bana karatasi tatu za daftari. Ni sehemu zipi za mashua yenu ambazo mashine isiruhusiwe kuzigusa?

3. Fundi amemaliza kupaka jana, na mwenye jenereta anataka kuiondoa kesho. Bodi iamue nini, na kwa sababu gani?

4. Chora ramani ya ufuo wenu. Onyesha vichanja vya dagaa, mahali pa kuteka maji, na upepo unakotoka katika kila majira. Mahali pa msasa pawe wapi?

5. Je, mapatano ya chama na mafundi yanamlipa fundi kwa kungoja au kwa kuharakisha? Pendekezeni mabadiliko yapelekwe kwenye mkutano mkuu.